Mashine ya Kuosha Vyombo Nayo Huoshwa

Mashine yetu ya kuosha vyombo ilipoingia mwaka wa tatu, glasi zilianza kutoka na ukungu mweupe, sahani zikatoka na punje zilizogandia, na kila mlango ulipofunguliwa jiko zima lilinuka uvundo. Fundi aliyekuja alitaja bei ya pampu mpya kabla hata hajachuchumaa kutazama ndani. Nilimwomba asubiri, nikatoa trei ya chini, nikalizungusha chujio lililoko sakafuni mwa mashine kinyume cha mwendo wa saa na kulichomoa. Lilikuwa limefunikwa na machicha ya nazi yaliyoshikana na mafuta, pamoja na mbegu za ndimu na karatasi ya chupa ya achari.

Tangu siku hiyo nalisuuza chujio kila wiki kwa maji ya moto, sabuni na mswaki mkuukuu, kwa kuwa brashi ya waya huchana wavu wake. Kabla ya kulirudisha, napapasa shimo lake kwa tahadhari, maana vipande vya glasi hupenda kujificha humo. Sahani nazo sizisuuzi kwanza. Nakwangua mabaki tu.

Ule ukungu mweupe, hata hivyo, ulikuwa na chanzo kingine. Hapa Mombasa maji ya kisima chetu hupita katika miamba ya matumbawe, ambayo ni mawe ya chokaa, na kwa hiyo ni maji magumu. Gamba linaloganda ndani ya birika ndilo hilohilo linaloziba vitundu vya mikono inayorusha maji. Mikono hiyo huchomolewa, vitundu vikazibuliwa kwa njiti ya meno, kisha unautikisa kila mmoja karibu na sikio: ukisikia kitu kikigongagonga ndani, kazi haijaisha.

Mashine nyingi zina pia tangi la chumvi chini ya trei, ambalo mimi, kwa aibu, sikuwahi kulifungua kwa miaka miwili. Chumvi hiyo haigusi vyombo. Hukirudishia nguvu kifaa kinachonasa kalisi na magnesi iliyomo majini. Tumia chumvi ya chengachenga iliyotengenezwa kwa mashine hizi, si ya mezani, na usitie sabuni humo kamwe, kwani utakiharibu kifaa chenyewe. Ukishajaza, iwashe mashine mara moja, kwa sababu chumvi iliyomwagika hula chuma.

Mara moja kwa mwezi naweka kikombe cha siki nyeupe kwenye trei ya juu, mashine ikiwa tupu, na kuiendesha kwa maji ya moto zaidi. Kuzidisha hapo hakufai, kwani asidi huchosha raba. Siki isichanganywe na jiki hata kidogo: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, nayo hudhuru mapafu. Raba ya mlango, hasa ukingo wa chini ambako maji hayafiki, nafuta kwa kitambaa, na mlango nauacha wazi kidogo usiku.

Ikiwa maji yanabaki sakafuni ilhali chujio ni safi na bomba la kutolea maji machafu halijapindika, basi chomoa plagi na umwite fundi. Hapo ndipo neno pampu linapofaa kutajwa.