Jibu: Ndege wahamao, ukiwa Gede

Ndugu, umeuliza kama ni lazima ugharamie safari ndefu ili uwaone ndege wanaoikimbia baridi ya Ulaya, nawe unakaa Gede, pwani ya Kenya. Ya nini? Hori ya Mida, ule mkono wa bahari wenye mikoko na tope, iko hapo hapo, bodaboda tu. Wanaanza kushuka Agosti, na Oktoba tope lote limejaa ndege.

Ila tazama mwezi kwanza. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au mwandamo na maji yakipanda na kushuka sana, maji hupwa asubuhi na kujaa alasiri, kwa hiyo fika kama saa nane mchana. Yakipanda, huwasukuma ndege hadi karibu na mikoko, na ukisimama kwenye daraja la mbao jua linakuwa mgongoni. Yakiwa yamekupwa utaona vidoa tu, hata uwe na darubini ya bei gani.

Sululu ana mdomo mrefu uliopinda chini. Humchomoa kaa shimoni, akamtikisa mpaka miguu ing'oke, ndipo ammeze. Vitwitwi wadogo, wengine kutoka Siberia, wanafanana mno, mimi siwahangaikii. Mtafute yule mweusi kwa mweupe mwenye mdomo mnene mweusi. Huyo si wa Ulaya, huzalia pwani za Oman na Ghuba, kwenye mashimo ya mchangani.