Maswali na Majibu: Siku Benki za New York Zilipokataa Kutoa Dhahabu na Fedha

Juma lililopita niliandika kwa ufupi kuhusu tarehe 10 Mei 1837, siku ambayo benki za jiji la New York zilitangaza kwamba hazitabadilisha tena noti zao kwa sarafu za dhahabu na fedha. Barua zilizoletwa ni nyingi kuliko nafasi ya ukurasa huu, nami nimechagua zile zilizoingia ndani ya jambo lenyewe.

Shikamoo mwalimu. Unaposema benki "zilisitisha malipo", maana yake zilifunga milango? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Hazikufunga milango, na hapo ndipo wengi hupotea. Marekani ya wakati ule haikuwa na noti za serikali kama tunazozijua leo. Zilikuwapo karibu benki 800, kila moja ikiwa na kibali cha jimbo lake, na kila moja ikichapisha noti zenye jina lake, picha zake na saini za wakuu wake. Juu ya noti yaliandikwa maneno ya ahadi, kwamba benki hiyo itamlipa mwenye kuishika dola kadhaa pale atakapozidai. Dola hizo zilizoahidiwa zilikuwa sarafu za madini. Kiswahili chetu kinatusaidia kulielewa jambo hili, kwa kuwa neno "fedha" kwetu ni jina la madini na vilevile ni jina la pesa, na kwa Mmarekani wa mwaka 1837 maana hizo mbili zilitakiwa zikutane dirishani mwa benki kila alipoipeleka noti yake.

Kusitisha malipo kulikuwa ni kukataa kuitimiza ahadi hiyo tu. Shughuli nyingine ziliendelea: benki ilipokea amana, ilidai wadaiwa wake, ilihamisha hesabu kutoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine, na ilitoa noti zake kama kawaida. Aliyefika na noti akidai sarafu ndiye aliyerudishwa na karatasi yake mkononi.

Nimesoma kwamba Rais Andrew Jackson ndiye aliyeyaleta yote haya kwa sababu ya ugomvi wake na Benki ya Marekani. Je, ni kweli? (Msomaji, Kisumu)

Ni kweli kwa sehemu, na inafaa tuipime sehemu hiyo kwa uangalifu. Mwaka 1832 Jackson alikataa kutia saini sheria ya kuiongezea muda Benki ya Pili ya Marekani, benki yenye kibali cha serikali kuu iliyotunza pesa za serikali hiyo, iliyokuwa chini ya Nicholas Biddle huko Philadelphia, na mwaka uliofuata serikali yake ikaanza kuweka mapato yake katika benki za majimbo. Simulizi ya zamani inasema kwamba benki hizo, zilipoondokewa na mkubwa wa kuzizuia, zilichapisha noti bila kiasi mpaka zikazama. Simulizi hiyo inavutia, lakini hesabu za sarafu haziiungi mkono sawasawa. Katika miaka hiyo fedha nyingi iliingia Marekani kutoka Mexico, na fedha ambayo zamani ingepakiwa melini kwenda China kununua chai ilibaki nchini, kwa kuwa wafanyabiashara wa Canton walikuwa sasa wakipokea hati za malipo za London. Noti ziliongezeka, ndiyo, ila sarafu zilizozikinga nazo ziliongezeka pamoja nazo.

Lawama ya Jackson iliyo nzito zaidi imo katika mwaka 1836. Mauzo ya ardhi ya serikali kule magharibi yalikuwa yamepanda hadi karibu dola milioni 25 kwa mwaka huo, na walanguzi walikuwa wakilipa kwa noti. Tarehe 11 Julai serikali ilitoa waraka ulioamuru kwamba ardhi hiyo ilipwe kwa dhahabu au fedha. Majuma machache kabla yake Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuigawa ziada ya Hazina kwa majimbo, kwa mafungu manne ya kila robo mwaka kuanzia Januari 1837, na mgawo huo ulizilazimu benki zenye amana za serikali kuhamisha mamilioni ya dola kutoka jimbo hili kwenda lile. Kwa hiyo sarafu zilitoka New York, mahali zilipohitajiwa kwa biashara ya ng'ambo, zikaelekea bara.

Wakati huohuo Benki Kuu ya Uingereza, iliyoona dhahabu yake ikipungua, ilipandisha riba yake kutoka asilimia 4 hadi 5 na ikaanza kuzibania nyumba za biashara za London zilizokopesha Wamarekani. Pamba, ambayo ndiyo iliyolipia madeni ya Marekani huko Uingereza, ilishuka bei. Pamba hiyo ililimwa na watumwa, na mashamba pamoja na watu wenyewe waliokuwa wakiyalima vilikuwa vimewekwa rehani kwa mikopo; sioni namna ya kuieleza bei ya pamba ya mwaka 1837 nikaliacha jambo hilo. Mwezi Machi kampuni kubwa ya pamba ya New Orleans, Hermann, Briggs, ilifilisika, na tarehe 17 mwezi huohuo kampuni ya J. L. na S. Joseph ya New York, iliyoshikana nayo kwa madeni, ikaanguka. Mwanzoni mwa Mei watu wenye noti na wenye amana walijaa milangoni mwa benki za New York, kwa kuwa kila mmoja alijua kwamba sarafu zilizomo ndani haziwatoshi wote na kwamba atakayechelewa ndiye atakayekosa.

Mimi naona kwamba uzito mkubwa ulikuwa katika pamba na London. Hata hivyo, amri za Washington zilizihamisha sarafu kutoka mahali zilipohitajiwa, na katika saa ambayo zilihitajiwa kuliko saa nyingine yoyote.

Je, sheria iliruhusu benki kukataa kulipa? (Msomaji, Tanga)

Haikuruhusu. Benki ya New York iliyokataa kuzilipa noti zake ilijiweka katika hatari ya kunyang'anywa kibali, lakini benki zote zilikataa kwa pamoja, na Bunge la jimbo halikuwa tayari kuua benki zote za jimbo kwa siku moja. Tarehe 16 Mei, siku sita tu baada ya tangazo, lilipitisha sheria ya kuziondolea adhabu hiyo kwa muda wa mwaka mmoja. Philadelphia, Baltimore na Boston zilikwisha kuifuata New York ndani ya siku chache, kwa sababu benki ambayo ingeendelea kulipa peke yake ingekombwa sarafu zake zote na watu wa miji mingine.

Mtu alinunuaje mkate wa senti kadhaa ikiwa sarafu zote zimefichwa? (Msomaji, Mombasa)

Swali hili limenifurahisha, maana ndilo alilojiuliza mama wa nyumbani wa New York asubuhi ya tarehe 11 Mei. Kabla ya hapo chenji ya sokoni ilikuwa sarafu ndogo za fedha, nyingi zikiwa za Hispania na Mexico, ambazo sheria ya Marekani ilizitambua hadi mwaka 1857. Benki ziliposita kulipa, kila aliyekuwa na sarafu ya fedha aliiweka, kwa kuwa sasa ilikuwa na thamani kuliko noti iliyodai kuwa sawa nayo. New York ilikuwa imejiongezea taabu kwa mkono wake mwenyewe, kwani sheria ya mwaka 1835 ilikuwa imepiga marufuku noti zilizo chini ya dola 5, kwa nia njema ya kuwafanya watu watumie madini. Fedha ilipotoweka, chini ya dola 5 hapakubaki kitu.

Pengo hilo lilizibwa na wenye maduka, wenye hoteli, kampuni na hata halmashauri za miji, waliochapisha vikaratasi vya senti 5, 10, 25 na 50. Watu walivipa jina la dharau, "plasta za muundi", kana kwamba vilifaa tu kubandikwa kwenye kidonda cha mguu. Baadhi ya waliovitoa hawakuwa na uwezo wala nia ya kuvilipa.

Pamoja na vikaratasi hivyo zilitokea sarafu za shaba za watu binafsi, zenye ukubwa wa senti ya serikali ya wakati ule, ambayo ilikuwa pana kuliko senti ya Marekani ya leo. Moja kati ya hizo ina ndege anayefufuka kutoka katika ndimi za moto, akizungukwa na maneno yanayosema kwamba hiki ni badala ya plasta za muundi. Ukiigeuza, unasoma kwamba malipo ya sarafu yamesitishwa tarehe 10 Mei 1837. Nyingine ina msemo wa zamani wa Kimarekani unaosema "mamilioni kwa ulinzi, si senti moja kwa ushuru wa utii", na katikati yake maneno "senti moja" yamewekwa ndani ya shada la majani kama yalivyo kwenye senti ya serikali, neno la kukanusha likiwa dogo juu yake. Mtengenezaji alipata sarafu inayofanana na senti, na kama angeshtakiwa kwa kughushi, angeweza kujibu kwamba imeandikwa wazi kuwa si senti.

Nani aliumia zaidi? (Msomaji, Bukavu)

Aliyeumia ni yule aliyelipwa kwa noti na asiyekuwa na njia ya kuchagua noti. Baada ya kusitishwa kwa malipo, noti za benki tofauti zilipokewa kwa thamani tofauti, na yalikuwapo machapisho maalumu yaliyoorodhesha benki moja baada ya nyingine na kiasi cha kukata katika noti zake. Tuchukue mfano: fundi amelipwa noti ya dola 5 ya benki ya mbali, naye mwenye duka anaihesabu kuwa dola 4 na nusu. Nusu dola hiyo imetoka katika jasho la fundi, ilhali mwajiri aliyeinunua noti hiyo kwa bei ya punguzo ameandika katika daftari lake kwamba amelipa 5 kamili. Na fundi huyo ni yule ambaye mwezi Februari mwaka huohuo aliona bei ya unga ikipaa mpaka umati ukaivamia ghala ya mfanyabiashara Eli Hart na kuimwaga unga barabarani.

Haki inanidai niseme pia upande wa pili. Kusitisha malipo kulizipa benki nafasi ya kupumua, zikaacha kuwakaba wadaiwa wao wote kwa mara moja, na mdaiwa aliweza kulipa deni lake la benki kwa noti za benki ileile alizozipata kwa bei nafuu. Kama benki zingeng'ang'ania kulipa hadi sarafu ya mwisho, biashara nyingi zaidi zingeanguka mwezi ule. Ninalolilalamikia ni hili: fundi aliyeshindwa kulipa kodi ya nyumba hakupewa na Bunge lolote mwaka mmoja wa kupumua.

Serikali ya Washington ilifanya nini na pesa zake zilizokuwa katika benki hizo? (Msomaji, Dodoma)

Ilikwama. Sheria ilikataza kuweka amana za serikali katika benki isiyolipa sarafu, na pia kupokea noti zake. Rais Martin Van Buren, aliyekuwa ameingia madarakani mwezi Machi tu, aliliita Bunge kwa kikao maalumu mwezi Septemba. Fungu la nne la mgawo wa majimbo liliahirishwa, na zikaidhinishwa hati za Hazina za dola milioni 10. Pendekezo lake la Hazina kujitunzia sarafu zake yenyewe, mbali na benki, lilipata sheria mwaka 1840, likafutwa mwaka uliofuata, na kurudishwa mwaka 1846.

Wakati huo Zanzibar ilikuwa ikifanya biashara na Wamarekani. Je, upo uhusiano? (Msomaji, Unguja)

Upo, wa watu na wa bidhaa. Seyyid Said alitia saini mkataba na Marekani mwezi Septemba 1833, na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters wa Salem, alifika Unguja mwezi Machi 1837, wakati kampuni za New York zilipokuwa zikianguka. Pamba iliyokuwa kiini cha taharuki ile ndiyo iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa kwetu kwa jina la merikani, ikibadilishwa kwa pembe za ndovu na sandarusi. Jahazi la Seyyid Said, Sultana, lilipotia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840 likiwa na mjumbe wake, Ahmad bin Na'aman, pamoja na karafuu, kahawa, tende na pembe, rais aliyeletewa zawadi alikuwa Van Buren yuleyule. Mjumbe huyo alishuka katika jiji ambalo benki zake zililipa sarafu, wakati benki za Philadelphia zilikuwa zimekwisha kusita kwa mara ya pili, tangu Oktoba 1839.

Malipo yalirudi lini, na je, watu hawakuvamia benki siku hiyo? (Msomaji, Arusha)

Benki za New York zilirudi kulipa mwezi Mei 1838, mwaka wao wa msamaha ulipokwisha, zikisaidiwa na shehena ya dhahabu ya pauni milioni 1 ambayo Benki Kuu ya Uingereza ilikubali kumkopesha mfanyabiashara James King wa jiji hilo. Kusini na Pennsylvania ziliyumba hadi mwaka 1842, na benki ya Biddle ilikufa mwaka 1841.

Kusita kulitokea tena mwezi Oktoba 1857, kwa miezi miwili, na tena mwishoni mwa Desemba 1861 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, safari hii kwa miaka 17. Serikali, ambayo wakati wa vita hivyo ilitoa noti zake yenyewe, iliporudisha malipo mwanzoni mwa Januari 1879, wengi walitarajia msongamano katika ofisi ya Hazina mjini New York. Siku ya kwanza ya kazi zililetwa noti za dola 135,000 kutaka dhahabu, na dhahabu ya dola 400,000 kutaka noti.