Kwa Walimu Wanafunzi wa Awali, Kabla Hamjaandika "Wanafunzi Wote"

Msimu wa mazoezi ya kufundisha umeanza, na kama kawaida darasa la awali limepokea mwalimu mwanafunzi mwenye andalio la somo safi kabisa, zana zilizochorwa usiku kucha, na mtoto mmoja ambaye tayari amejificha chini ya meza. Nimekaa nyuma ya madarasa yenu nikiwatazama. Nawapenda, wadogo zangu, lakini mnanichosha. Mnarudia yaleyale tuliyoyafanya sisi, tena kwa kujiamini kutuzidi. Basi someni haya, halafu mkishamaliza rudisheni gundi kabatini.

1. "Mmeelewa?" ife leo. Ukiuliza hivyo darasa zima litaitika "ndiyooo", pamoja na yule anayetafuna kifutio. Waambie waoneshe: niletee kilicho kirefu, nipe vitatu, weka chini ya kiti. Na ukishauliza swali, nyamaza. Mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alilichunguza jambo hili madarasani, na matokeo yake yakachapishwa miaka ya 1970: walimu wengi walikuwa wakingoja takriban sekunde 1 tu kabla ya kuingilia. Walipojizuia kwa sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliokuwa hawasemi wakaanza kusema. Najua, mbele ya mtathmini, yule anayekuja kuwapa alama za mazoezi, sekunde 3 ni ndefu mno. Mimi hugusa vifungo vya shati, kimoja kimoja, hadi mtoto afungue mdomo. Mmoja wenu juzi aliuliza swali, akalijibu, akasema "vizuri sana", kisha akaomba apigiwe makofi, yote kwa pumzi moja. Watoto walipiga. Wana adabu.

2. Zana iliyo mikononi mwa mwalimu ni pambo. Vizibo, vijiti na mawe ya kutosha mikono yote vinafundisha kuhesabu kuliko bango lako la rangi saba.

3. Kabla hujamwita mtoto mkaidi, kagua masikio, macho na mikono yake. Hili mnalisoma chuoni chini ya mahitaji maalumu, mnalifaulu, halafu mnaliacha hukohuko. Majimaji yakikaa nyuma ya kiwambo cha sikio, jambo la kawaida sana katika umri huu hasa baada ya mafua, mtoto husikia kama mtu aliyezama majini. Wiki hii anatii, wiki ijayo "hataki kusikiliza". Basi mwenzangu, simama mahali ambapo uso wako unapata mwanga, umfikie, uongee naye ana kwa ana. Takriban mtu 1 kati ya 10 hutumia mkono wa kushoto, na mkasi wa kawaida unamziba asione mstari anaoukata. Hana uvivu, ana mkasi mbaya. Na yule aliyepaka majani rangi ya kahawia na shina kijani hakudhihaki. Kuna watu wasiotofautisha vizuri nyekundu na kijani, na wavulana ndio wengi kwa mbali. Andika majina ya rangi kwenye kopo, au weka alama anayoitambua, na umwambie mwalimu wa darasa ili mzazi ashauriwe ampeleke akapimwe. Usimpime wewe mbele ya wenzake kwa kumuuliza "hii rangi gani? Na hii?" huku darasa likicheka. Nimeliona hilo likifanyika, na aliyelifanya anayasoma maneno haya.

4. Neno "wote". Hapa nitakaa kidogo.

Nilipokuwa kwenye mazoezi, niliandaa somo la wimbo wa kuhesabu wenye makofi. Kwenye safu ya tendo la mwanafunzi katika andalio niliandika: "Wanafunzi wote wataimba na kupiga makofi." Mtathmini akaja, akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti karibu na kidevu, fomu pajani. Wimbo ukaanza vizuri. Watoto walikuwa wanapiga kelele kwa raha zao, na mimi nilikuwa natokwa jasho la furaha. Mmoja tu alikuwa amesimama kando ya rafu ya vitabu, vidole masikioni, akitutazama. Huyo alikuwa hivyo kila siku tangu nifike. Kwenye orodha hakiki yangu nilikuwa nimemwekea alama ya mkato, yaani hapana, chini ya "anashiriki", wiki baada ya wiki, wala sikuwahi kujiuliza anatazama nini.

Siku hiyo alama ya mkato ilinitisha. Nikazunguka mduara huku naimba, nikafika nyuma yake, nikamshika vifundo vya mikono, nikavitoa vidole masikioni na kumpigisha makofi. Hakupinga. Mikono ililegea tu, nikawa naigonganisha mimi, huku natabasamu kuelekea kwenye fomu. Sikumbuki uso wake, kwa sababu nilikuwa nyuma yake.

Mtathmini aliandika kwamba mwalimu anahakikisha ushiriki wa wanafunzi wote. Nilipata alama nzuri. Nililala kwa amani, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Hakuna aliyenikemea. Hata mtoto hakulia.

Kilichofuata ni kwamba nikimkaribia, anaingiza mikono ndani ya shati. Nikianza wimbo wowote, anatoka, anaenda kusimama nje ya mlango. Nikamwona amezidi ukaidi. Mwalimu wa darasa, mama mtu mzima asiye na maneno mengi, alingoja siku tuliyokuwa tunachonga penseli wawili tu, akaniuliza, "Mwanangu, umewahi kumsikiliza akiwa kwenye mchanga?"

Sikuwahi. Wakati wa michezo huru mimi nilikuwa naandika tathmini ya somo. Nikaenda, nikachuchumaa nyuma ya pipa la maji. Alikuwa peke yake, ana vizibo viwili, anavigonga taratibu kwa mapigo sahihi, anauimba wimbo wangu wote kwa sauti ya chinichini. Hesabu zote zilikuwa sawa, hata pale wimbo unaporudi nyuma kutoka kumi, mahali ambapo wenzake wenye kelele walikuwa wanababaisha. Alikuwa ameujifunza kwa kututazama kutoka kwenye rafu. Sauti ya watoto wale wote wakipiga makofi kwa pamoja ndiyo iliyokuwa inamzidi.

Sasa ngojeni nijiaibishe zaidi. Mtafiti Mildred Parten alieleza mwaka 1932 namna watoto wadogo wanavyoshiriki michezo, na mojawapo ni mtoto kuwa mtazamaji: haingii, lakini macho na akili yake vimo. Mimi namna zote sita nilizijua kwa mpangilio. Nilikuwa nimezijibia mtihani.

Nilimwomba msamaha. Aliitazama mikono yangu, si mimi. Nikaanza kukaa kwenye mchanga karibu naye bila kusema kitu, nachimba shimo langu. Darasani tukaacha makofi, tukagonga kidole kwa kidole, na yeye akapewa kadi ya picha ya kuanzisha wimbo, ainyanyue akiwa hukohuko kwenye rafu. Alisogea hadi ukingo wa mkeka, akakomea hapo. Mazoezi yangu yakaisha akiwa hapo, na kupiga makofi nikiwepo hakupiga tena kamwe.

Kwa hiyo ninapomwona mmoja wenu anamvuta mtoto mkono ili "ashiriki", samahani kama nakohoa kwa nguvu. Kwenye andalio andikeni njia zaidi ya moja: ataimba, au atagonga, au ataonesha kwa kadi, au atatazama kisha afanye kwenye kona yake. Mtathmini makini atafurahi. Asiyefurahi atakupunguzia alama moja, utaishi.

5. Mtoto ambaye lugha ya darasani si ya nyumbani anaweza kukaa kimya miezi mingi huku anakusanya. Jifunze kwa lugha yake maneno ya njoo, maji, choo na inauma, na utamke jina lake kama mama yake anavyolitamka. Wala usimwambie mzazi aache kuongea naye lugha ya nyumbani. Huko ndiko anakopata maneno ya kufikiria.

6. Acheni kuwagawa watoto kuwa wa kujifunza kwa kuona, wa kujifunza kwa kusikia na wa kujifunza kwa kutenda. Nimekuta hadi vibandiko vifuani! Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti za jambo hili, hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtu kwa "aina" yake kunamsaidia. Mtoto wa miaka minne anahitaji kuliona chungwa, kulishika, kulinusa na kusikia jina lake. Mpe vyote.

7. Somo la kukaa mduara likikufia katikati, likatize. Imba wimbo wa mpito, wapeleke kwenye kona za michezo, na usiwasimamishe kwenye foleni wote kwa mkupuo, maana nusu yao watapigana na nusu wataomba kwenda chooni.

8. Kumbukumbu. Mnaandika "mtukutu", "mpole", "mzito". Hayo ni maoni yako. Andika ulichokiona: alijenga mnara wa vibao, ukaanguka, akampiga aliyekuwa karibu, akarudi kujenga. Kutokana na hapo mtu anaweza kupanga kitu. Kutokana na "mtukutu" hakuna anachopata isipokuwa uchovu.

Na jioni, kabla ya kufungua andalio la kesho, chukua karatasi tupu uandike majina ya watoto wote bila kutazama daftari la mahudhurio. Utaanza na wasumbufu, kisha wachangamfu, kisha kalamu itasimama. Fungua daftari, tafuta ambao hawakukujia, chagua wawili. Kesho kwenye michezo huru kakae karibu nao, uache fomu mezani.