Riwaya nyembamba ndizo zinazokwamisha: anza na hizi

Mkuu, umesema umeazima Nagona na Kusadikika kwa sababu ni vitabu vyembamba na maktaba yako inatoa wiki 2 tu, na vyote umevirudisha kabla ya kufika katikati. Unauliza kama riwaya za Kiswahili ndivyo zilivyo zote. Hapana. Kilichokuponza ni kipimo. Kwenye rafu ya Kiswahili, wembamba wa kitabu si wepesi wake, na kwa hivi viwili mambo ni kinyume kabisa.

Nagona ya Euphrase Kezilahabi ilitoka 1990, na Mzingile ikaifuata 1991. Hizi ndizo riwaya zake za mwisho, na ndani yake hakuna kisa kinachotambaa toka mwanzo hadi mwisho. Msimulizi hana jina, mji anaoingia umenyamaza, na baadhi ya anaokutana nao ni mawazo ya kifalsafa yaliyovishwa miili. Msomaji anayetafuta "halafu ikawaje" hapati jibu, na kinachomchanganya zaidi ni kwamba Kiswahili chenyewe ni chepesi, sentensi fupi, maneno ya kila siku. Kila neno unalijua, ukurasa huuelewi. Basi mtu anajilaumu, kumbe ameanza mahali ambapo mwandishi mwenyewe alifika baada ya karibu miaka 20.

Mchukue Kezilahabi kwa mpangilio wa miaka: Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Gamba la Nyoka (1979), ndipo Nagona. Rosa Mistika unaisoma hata ukiwa kwenye daladala. Ni binti wa Ukerewe anayechungwa na baba yake, Zakaria, kwa kipigo, halafu anaingia ulimwengu wa shule na wanaume akiwa hajaandaliwa. Wakati fulani ilizuiwa mashuleni, na baadaye ikaja kufundishwa. Kichwamaji nayo kisa chake ni rahisi kukifuata, ila Kazimoto, anayesimulia, ana mawazo mazito. Usiisome siku ambayo moyo wako uko chini. Hapo unaona swali la maana ya maisha likianza kumla mwandishi. Ukishaliona humo, Nagona haitakuwa kiini macho.

Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) ina ugonjwa mwingine, na dawa yake ni karatasi moja. Karama yuko kizimbani, anajitetea mbele ya mfalme kwa kusimulia habari za wajumbe 6 waliotumwa pande 6: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Visa vyote vina umbo moja: mjumbe anaondoka, anateseka, anarudi na jambo la manufaa, anaadhibiwa na nchi yake. Ukivisoma mfululizo vinachanganyika, na kufikia wa tatu umechoka. Chora mistari 6 na safu 3: jina la mjumbe, alikokwenda, alichorudi nacho. Kisha soma mjumbe mmoja kwa siku, usizidishe. Angalia pia majina: Majivuno ndiye mshitaki. Kwa Shaaban Robert jina ni tabia, kwa hiyo ukilijua neno umeshamjua mhusika. Na kumbuka mwaka wa kuchapwa. Nchi hii, Tanganyika wakati huo, ilikuwa chini ya Mwingereza, na kitabu kinazungumzia watawala wanaowafunga wanaoleta mawazo mapya. Ukilisoma hilo ndani yake, kesi yote inapata makali.

Sasa, cha kuazima safari ijayo. Mimi ningekupa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999). Usiogope unene wake. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza anayemzidi umri mno, anatoroka ndoa na kuangukia maisha ya Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe, wakati vuguvugu la kumwondoa mkoloni linapamba moto. Mazungumzo ni mengi, kwa hiyo kurasa zinakwenda mbio. Udhaifu wake upo: Denge, mpinga ukoloni, na wenzake wakianza siasa, wanakuwa sauti ya msimamo kuliko watu. Lakini Mwajuma, shoga yake Yasmin, ni mmoja wa wahusika walio hai kuliko wote katika riwaya zetu. Filamu ya Amil Shivji ya 2021 imetokana na kitabu hiki. Iache kwanza, usije ukasoma ukiwa na nyuso za waigizaji kichwani.

Nimeandika "shoga" makusudi. Katika riwaya za Zanzibar, shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke, basi. Anayelijua kwa maana ya mtaani ya siku hizi hupotea kabisa. Vivyo hivyo skuli ni shule, na dakhalia ni bweni la wanafunzi. Usifungue kamusi kwa kila neno, utachoka. Weka alama ya karatasi, maliza sura, kisha tafuta yale tu yaliyojirudia mara 3 au zaidi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ipo karibu kila maktaba, kwenye vitabu visivyotoka nje. Andika maneno yako nyumbani, kayatafute siku ya kurudisha kitabu.

Ukiipenda Vuta N'kuvute, rudi nyuma kwenye Kuli (1979) ya mwandishi huyohuyo, inayojengwa juu ya mgomo wa wapakuzi wa bandari ya Zanzibar wa 1948. Wahusika wake wamegawanyika mno kati ya wema na wabaya, ila kazi ya bandarini imeelezwa hadi unasikia uzito wa gunia. Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) ni chungu zaidi, na kwa maoni yangu imesukwa vizuri kuliko Kuli: Maimuna anafungiwa ndani na baba mwenye heshima ya nje tu. Ukitaka ya bara, Siku Njema ya Ken Walibora (1996) inamfuata Kongowea Mswahili toka Tanga hadi Kitale akimtafuta baba yake. Bahati njema za Kongowea zimezidi kidogo, lakini Kiswahili chake ni kitamu mno.

Kuzipata rafuni nako kuna mitego. Maktaba inayotumia mpangilio wa Dewey, wa kupanga vitabu kwa nambari za mada, huweka fasihi ya Kiswahili kwenye 896.392, nyingine hutenga riwaya na kuzipanga kwa jina la mwisho la mwandishi. Hapo angalia: Said Ahmed Mohamed (Utengano) na Mohamed Suleiman Mohamed (Kiu, Nyota ya Rehema) ni watu wawili, wote wako kwenye herufi M. Muhammed Said Abdulla, wa hadithi za mpelelezi Bwana Msa, yuko A. Adam Shafi kwenye vitabu vya zamani anaandikwa Shafi Adam Shafi. Ukimkosa S, angalia A kabla hujamwambia mkutubi hakuna.

Soma jalada zima pia. Riwaya zilizotahiniwa shuleni zina vitabu vya mwongozo vyenye jina lilelile kwa herufi kubwa, na neno "mwongozo" limeandikwa dogo pembeni. Wengi wamebeba mwongozo nyumbani wakidhani ni riwaya, wakasomewa mwisho wote. Utangulizi wa mhariri nao uache hadi umalize.

Kabla kadi haijagongwa muhuri, shika kitabu kwa mgongo na ukifungue katikati, kisha mwishoni. Vitabu hivi mara nyingi hukusanywa kwa mafungu ya kurasa 16, na gundi ikikauka huchomoka fungu zima, hasa la mwisho. Hakiki nambari za kurasa, mwonyeshe mkutubi kasoro aiandike. Usipofanya hivyo utaikosa sura ya mwisho, na juu yake utaambiwa wewe ndiye uliyeichana.

Kuhusu wiki 2: kitabu cha kurasa 280 ni kurasa 20 kwa siku, kama dakika 40 hadi 50. Siku 3 za kwanza soma 30, kwa sababu mwanzoni majina ni mengi na ukikatiza unayasahau. Ukiona wiki hiyo una kazi nyingi, azima Bwana Msa: Mzimu wa Watu wa Kale au Kisima cha Giningi. Andika nani ni ndugu wa nani kila jina linapotajwa, kwa kuwa siri ya hadithi hizo mara nyingi imefichwa kwenye ukoo, na Najum, msaidizi wake, hukupeleka njia isiyo yenyewe hadi kurasa za mwisho.