Si kila shimo kwenye chokaa ni dolina

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma huku Uingereza, juzi tulipelekwa Grime's Graves kule Norfolk, pale walipochimba gumegume, lile jiwe gumu la kutengenezea zana, zama za mawe. Uwanja mzima umejaa vibonde. Kwenye ripoti niviite dolina, yaani vibonde vinavyotokea maji yakila mwamba wa chokaa? Mwenzangu kavichora vyote kama karsti, yaani ardhi ya chokaa iliyoliwa na maji, kwa kutumia picha za droni.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiviite dolina. Ni mashimo ya watu hayo, zaidi ya 400, walichimba kama miaka 4,500 iliyopita kwa pembe za kulungu, mengine yanapita mita 10 kwenda chini mpaka kwenye tabaka la gumegume nzuri, wakimaliza wanarudishia kifusi, kifusi kinashuka taratibu, ndo hicho kibonde unachokiona. Mpaka kasisi na mtafiti wa mambo ya kale, Greenwell, alipofukua shimo moja, 1868 hadi 1870, ndo ikajulikana ni machimbo, kabla ya hapo watu walikisia kwa kutazama juu juu. Na hiki ndo kinachoniudhi kila nikisahihisha ripoti, miaka 150 imepita bado mtu anakisia kwa kutazama juu juu, eti kwa sababu sasa ana droni!

Dolina imeletwa na maji ya mvua yenye asidi kidogo yanayokula chokaa. Kwa juu zinafanana na machimbo kwa kuwa vyote ni udongo ulioshuka, kwahiyo umbo halikwambii kitu. Angalia ndani. Shimo la mchimbaji lina alama za pembe ukutani, vipande vya chaki (ile chokaa laini nyeupe) vyenye kona kali, na vichuguu vinavyofuata gumegume. La maji lina kuta laini zilizolika, limejaa mchanga na udongo ulioshuka toka juu. Karsti kwenye chaki ipo kweli, na inaweza kukaa pembeni kabisa ya machimbo, ndo maana jina moja kwa uwanja mzima halifai. Na ile mistari ya mimea pale usiiweke kwenye karsti, hiyo ni kazi ya baridi ya enzi ya barafu.

Sasa kuna hizi programu zinazopaka rangi kila kibonde halafu zinaandika "dolina", watu wanabeba hivyohivyo. Niliwahi kuona ramani ya namna hiyo sehemu nyingine, wakaleta katapila kutafuta pango, wakakuta kifusi cha wachimbaji wa kale, tayari kimevurugwa na hakirudishiki tena.

Wewe andika "mdidimio" kwanza, yaani kibonde tu bila kusema kimeletwa na nini, halafu tafuta michoro ya ukuta ya mashimo yaliyokwisha kufukuliwa, na urudi ushuke kwenye lile shimo lililofunguliwa kwa wageni ukiwa na tochi.