Kitabu "kimefungiwa" au "kimepigwa marufuku"? Na walioviunguza je?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari Morogoro. Niliwapa wanafunzi insha kuhusu vitabu na nyimbo zilizozuiwa. Mmoja kaandika "Wajerumani waliunguza vitabu", mwingine kaandika "vitabu hivyo vilifungiwa". Nikawakata alama wote wawili. Mwalimu mwenzangu anasema nimewaonea. Eti nimekosea?

JIBU: Mmoja umemwonea, mwingine hukumwonea.

Nianze na wa kuunguza. Anayeunguza ni mpishi aliyesahau sufuria ya wali jikoni, au aliyeacha pasi juu ya shati la watu akaenda kupokea simu. Neno hili lina harufu ya bahati mbaya ndani yake, au walau ya uzembe. Sasa tazama usiku wa tarehe 10 Mei 1933 pale Opernplatz, Berlin. Wanafunzi wa vyuo, tena wasomi, walileta vitabu kwa malori, wakawa wanataja jina la mwandishi kwa sauti kabla ya kumtupa motoni. Vilikwenda vitabu zaidi ya 20,000. Hapo hakuna aliyesahau sufuria. Walivichoma moto, na ukipenda kusisitiza kwamba hakikubaki kitu, waliviteketeza.

Kuteketea nako kuna upekee wake. Kunatueleza moto uliishia wapi, hakutuambii nani kauwasha. Maktaba ya taifa ya Bosnia pale Sarajevo iliteketea Agosti 1992 baada ya kupigwa makombora. Ukiandika hivyo tu, aliyerusha kombora katoroka kwenye sentensi. Waandishi wa habari wanaupenda mno mwanya huu. Mwanafunzi anayeandika historia asiupende.

Kuchoma ndiko kunakohitaji uangalifu, kwa sababu kitenzi hiki kinafanya kazi nyingi mno. Mwiba unachoma, sindano inachoma, mahindi yanachomwa. Na aliyekulia mjini miaka ya 2000 anakumbuka vibanda vya kuchoma CD: unapeleka orodha ya nyimbo zako, kijana anakuchomea, unalipa, unaondoka. Mwaka 1966, baada ya John Lennon kusema kundi lake la Beatles lina umaarufu kumzidi Yesu, vijana wa majimbo ya kusini mwa Marekani walizikusanya santuri zao wakazitia kiberiti. Andika "vijana walichoma nyimbo za Beatles" na mtu wa Kariakoo atakuelewa kinyume kabisa, kwamba walizipenda hadi wakagawiana nakala. Ndiyo maana neno "moto" baada ya "kuchoma" si pambo. Liweke. Na kinachochomwa moto ni santuri, si wimbo. Wimbo hauungui.

Kuna na njia nyingine ya kuua santuri, isiyohitaji kiberiti. Enzi za makaburu, kwenye maktaba ya shirika la utangazaji la Afrika Kusini, SABC, wimbo usiotakiwa ulikwaruzwa kwa kitu chenye ncha, kwenye mistari yake tu, ili hata mtangazaji mkaidi akiiweka sindano isikike mikwaruzo mitupu. Nyimbo nyingine za santuri hiyohiyo ziliachwa nzima. Kitenzi ni kukwaruza. Nimeona mahali wameandika "kuharibu santuri", si kosa, ila kinaifuta ile picha ya mtu mzima, mwajiriwa wa serikali, ameinamia meza akikwaruza muziki.

Sasa huyu wa "vilifungiwa". Mrudishie alama zake. Sababu yako naihisi: umezoea kwamba anayefungiwa ni mbuzi, au mchezaji aliyempiga refa. Tena kwa watu wengi gazeti ndilo la kufungia maandazi. Lakini Tanzania matumizi haya yamekomaa. Gazeti la Mwananchi lilifungiwa siku 14 mwaka 2013, na hakuna msomaji aliyeuliza limefungiwa wapi. BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, inafungia nyimbo. Machi 2017 ilifungia "Wapo" wa Nay wa Mitego, na muda si muda Waziri Mwakyembe akatangaza kwamba Rais Magufuli ameusikia, ameupenda, na ameagiza uendelee kupigwa. Ukaachiwa. Ndiyo ladha ya neno lenyewe: aliyefunga funguo anazo mkononi.

Tofauti na marufuku iko kwenye kinachokatazwa. Kufungia kunashika kitu: wimbo, gazeti, kitabu. Marufuku inaweza kushika kitendo pia, kama ule ukuta ulioandikwa "Ni marufuku kukojoa hapa". Huwezi kusema "imefungiwa kukojoa hapa". Kwa hiyo kitabu kinaweza kufungiwa au kupigwa marufuku, lakini kukisoma ni marufuku tu. Marufuku tena inakubali mipaka kwa urahisi. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipovikataza vitabu 16, vilipigwa marufuku shuleni. Ukisema "vimefungiwa" bila kuongeza neno, msomaji atadhani vimetoweka hata madukani. Kenya wanapenda zaidi marufuku, na marufuku yao huwekwa na kuondolewa: filamu ya Rafiki ilipigwa marufuku Aprili 2018, na Septemba Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo kwa siku 7. Hapo "ilifunguliwa" lisingekaa vizuri. Mlango ndio hufunguliwa.

Umeniuliza pia pembeni kama "kitabu kimekamatwa" ni Kiswahili. Ni Kiswahili, na kwa kitabu kimoja ni zaidi ya Kiswahili. Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa riwaya ya Matigari kwa Kigĩkũyũ mwaka 1986. Ameeleza mwenyewe kwamba watu walimzungumzia mhusika mkuu, Matigari, kana kwamba ni mtu anayezunguka nchini Kenya akiulizia ukweli na haki, hadi ikatoka amri akamatwe. Polisi wakagundua ni mtu wa hadithini. Februari 1987 wakapita madukani wakazizoa nakala zote walizozikuta. Mwanafunzi wako akiandika "Matigari alikamatwa", usikimbilie kumsahihisha ngeli.