Chupa ya Watoto Ishirini

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: "Je, serikali iwanunulie chanjo watoto wa wasiojiweza pekee, na wenye nacho wajilipie?" Mkatoa mfano wa Marekani, ambako tangu 1994 serikali huwanunulia chanjo watoto wasio na bima na wa familia zenye kipato kidogo. Nilipolisoma nilikuwa nakanda unga wa mahamri, nikasema kwa sauti, "Naam, wajilipie!" Mume wangu akauliza nagombana na nani.

Mwanangu wa tatu alizaliwa Mei 2025, wakati BCG, ile chanjo ya kifua kikuu inayoacha kovu mkononi, na matone ya polio yalipoadimika nchini Kenya. Nilitoka wodini na kijitabu cha kliniki kikiwa na nafasi mbili wazi pale juu kabisa, pa chanjo za kuzaliwa. "Urudi wiki ijayo, mama." Kutoka kwetu hadi zahanati ni mia mbili kwa tuktuk, kwenda na kurudi, na mwenye tuktuk ni mume wangu, kwa hivyo mia mbili hizo ni abiria tuliowaacha barabarani. Mara ya kwanza, haipo. Ya pili, haipo. Mama mkwe akawa kila jioni anaugeuza mkono wa kushoto wa mtoto, anautazama, kisha anamwita mwanawe aje aonyeshe kovu lake. Hanilaumu, hasemi neno. Angesema ningeshukuru.

Mara ya tatu mtoto alikuwa na wiki saba. Nilifika saa moja unusu asubuhi, sista akaniona akacheka: "Imekuja, Mama Salim. Lakini keti kwanza." Tukaketi, watoto sita. Saa tatu ikapita. Mama mmoja akauliza mbona hatuitwi na dawa ipo. Sista akatoka na kichupa cha kahawia, hakizidi kidole gumba. "Hiki ni cha watoto ishirini," akasema. "Nikishakichanganya, baada ya muda wa saa sita kilichobaki namwaga. Nikiwafungulia nyinyi sita, hao kumi na wanne wa kesho nitawaambia nini?"

Hapo tukageuka makanga. Simu zikatoka kwenye leso. "We, amka, chanjo imekuja, beba mtoto uje, gari lataka kujaa!" Nilimpigia wifi yangu, wifi akampigia jirani, jirani akatuma boda kwa mwenzake huko mashambani. Sista akawa anahesabu kwa kalamu kila anayeingia mlangoni. Saa nne tukawa kumi na mmoja. Mmoja akahesabiwa kumbe alishachanjwa zamani, kaja kupimwa uzito tu. Tukamtazama mamake kama mwizi. Tukarudi kumi. Mtoto wangu akalia, nikamnyonyesha, akalala, akaamka tena. Wakaja wawili kwa boda moja, wakaja wengine wawili kwa miguu wakitokwa na jasho. Kumi na wanne. Sista akatazama saa, akatazama mlango.

Ndipo likaingia gari, gari la maana. Akashuka mama na yaya wake na mtoto wa miezi miwili. Nikanong'ona, "Huyu naye amefuata nini huku?" Akaketi ncha ya benchi letu, nami nikavuta leso yangu karibu. Kumbe amezunguka hospitali mbili za kulipia Mombasa akaambiwa hakuna, maana nazo hupewa chanjo hiyo kutoka bohari ya serikali, kama zahanati yetu. Pesa anazo, cha kununua hakuna. Mwanawe akawa wa kumi na tano. Sista akasema, "Basi, yatosha. Nafungua."

Nimefika hapa naona lile jibu langu la kwenye unga limeniharibikia. Wenye nacho wakijilipia wataletewa yao, na benchi letu wataliacha. Siku friji ikiwa tupu, nani atapiga kelele? Sisi tulilalamika kwa wiki saba na hakuna aliyegeuka. Tena nani atatutenga mafungu? Tumeyaona maswali ya SHA, bima ya afya ya serikali, ya kupima uwezo: paa la nini, choo cha aina gani. Sisi tuna bati na tuktuk ya mkopo, sijui tungeangukia fungu gani, na kichupa ni kimoja. Huko Marekani chanjo nyingi huja dozi moja moja, ni rahisi kutenga za serikali kando na za kulipia. Chetu hakifunguki mpaka tujae.

Siku hiyo hiyo mwanangu alidungwa pajani pentavalenti, ile ya magonjwa matano. Hiyo haikukosekana. Hiyo hununuliwa kwa msaada wa Gavi, shirika la kimataifa la chanjo, nasi tunachangia. BCG na matone ya polio serikali yetu huyanunua kwa fedha zake. Kwa hivyo kilichokosekana ni kile tulichoachiwa peke yetu, na Gavi imeshaanza kutuachia mkono, hesabu ikiwa mwishoni mwa muongo huu tujinunulie zote. Mnaniuliza nani alipiwe. Mimi nataka kujua hela zitatoka hazina mwezi gani. UNICEF ndiyo hutuagizia, na kwa kawaida hutaka fedha zitangulie.

Basi niandikeni: serikali inunue kwa wote. Wenye gari wakitozwa mia mbili za sindano sitawatetea, mimi mwenyewe nimezitoa mara tatu kwa barabara tu. Na mwaka ambao fedha ni chache kweli, ningesema zahanati za mashambani zipewe kwanza, ila hapo watoto wa mjini, kama wa yule mama, ndio wangesubiri. Hilo sijalimaliza kichwani.

Kovu la mtoto limeshatoka. Mama mkwe bado hulitazama jioni, asema ni dogo kuliko la babake.

Mama Salim, Kilifi